Kilo za Akina Mama Wanne

"Hivi mama, hilo gari lenu limeishiwa upepo, au limepiga magoti linasali?"

Jirani yangu aliniuliza hivyo asubuhi moja, ameegemea ukuta unaotutenga, mswaki mdomoni. Sikumjibu. Mtu mwenye mswaki mdomoni ukimjibu atacheka, na povu litakurukia wewe. Lakini nimeona afadhali nieleze mwenyewe, maana mtaani kila mtu anaeleza kivyake, na katika masimulizi yao wametuongezea kilo ambazo hatukuwa nazo. Zile tulizokuwa nazo zilitosha.

Gari lenyewe ni la marehemu mume wangu. Ni gari dogo la milango minne, rangi yake kama maziwa yaliyoungua. Mume wangu alikuwa akiliosha kila Jumamosi na kulisemesha, mimi nikinyamaza, maana nilijua zamu yangu ya kusemeshwa itakuja. Mungu alipomwita, mwanangu wa pekee akachukua funguo. Tangu hapo, miaka sita sasa, kila Jumapili ananipeleka kanisani pamoja na wenzangu watatu wa umoja wa akina mama: Mwenyekiti, Nesi na Mama Pacha.

Mwenyekiti hukaa mbele. Yeye ni Mwenyekiti kanisani, ni Mwenyekiti msibani, na ndani ya gari la mume wangu ni Mwenyekiti vilevile. Sisi watatu tunajipanga nyuma, mimi katikati. Mwanangu katika miaka hiyo sita hajawahi kununa. Anafunga milango yote minne kwa mkono wake, anauliza, "Nguo zote ziko ndani?" kisha anaondoka polepole kama aliyebeba mayai.

Mtoto mwema, lakini alishafikisha miaka thelathini na moja bila mke. Nikimgusia ananiambia, "Mungu akipenda, mama." Nami nikimwuliza Mungu, naona kama ananiambia, "Mwulize mwanao." Wakawa wananirusha huku na huku hivyo, mpaka mwaka huu akaja na habari ya binti anayefanya kazi duka la dawa. Nilimwona mara moja, nikapenda anavyosikiliza. Nikapiga magoti nikashukuru. Nilipoinuka nikauliza baba yake ni nani, nikatamani kupiga magoti tena.

Baba yake ni mkaguzi wa magari. Ndiye yule mwembamba anayesimama kwenye uwanja wa ukaguzi na futi ya chuma mfukoni, ambaye madereva wa malori wakimwona wanavua kofia. Huyo aliwahi kulizuia barabarani gari la mdogo wake mwenyewe, siku ya harusi ya huyo mdogo, na bibi harusi yumo ndani. Sasa alikuwa ametuma salamu: kabla hajasikia lolote kuhusu posa, atakuja Jumamosi saa kumi alasiri, anywe chai, aone kijana anatoka nyumba ya namna gani.

"Mama," mwanangu akaniambia, "akija, kitu cha kwanza atakachoangalia si wewe wala mimi. Ni gari."

Na gari, nisifiche, lilikuwa limeinama upande. Springi zake zilikuwa zimechoka, hasa ya nyuma kushoto, anakokaa Mama Pacha. Ukilitazama kwa mbele unadhani linasikiliza kitu chini ya ardhi.

"Lazima tubadilishe springi zote nne," akasema. Kisha akaanza kukwaruza meza kwa ukucha, nami nikajua kuna jambo linakuja. "Na kwa kuwa tunabadilisha, mama, kwa nini tusiweke zile fupi? Zinashusha gari vidole viwili tu. Linakaa vizuri, linashika barabara."

"Linashushwa liende wapi?"

"Haliendi popote, mama. Linapendeza tu."

Nilifikiri. Miaka sita anabeba wazee wa kike kila Jumapili, na hajaniomba kitu. Nikamwambia, "Vidole viwili. Vyangu, si vyako. Na usithubutu kukata zilizopo. Kilichokatwa hakiungwi."

"Siwezi, mama. Fundi Taratibu mwenyewe hakubali."

Fundi Taratibu ni mtu wa makamo mwenye kitambi cha heshima. Jina hilo alipewa na wateja wake, na hawakulitoa kwa upendo. Alikuja, akazunguka gari mara tatu, akachuchumaa, akasimama, akaomba maji.

"Springi ni kama kitanda," akasema. "Fundi kabla hajachonga anauliza nani atalala. Gari hili linabeba nani?"

"Mimi na wenzangu watatu," nikasema. "Na dereva."

"Kilo ngapi?"

Nikamtazama. Akatazama pembeni.

"Mama, si mimi ninayeuliza, ni muuzaji. Springi fupi zipo za aina tatu: za watu wepesi, za kawaida, na za mzigo. Ukikosea aina, gari linashuka kuliko ulivyotaka. Anataka kilo kwenye karatasi ndipo achague."

Mwanangu akaniangalia kwa macho ya kuomba. Nikaelewa. Hakuna kijana aliyelelewa vizuri atakayemfuata Mwenyekiti na kumwuliza uzito. Nikasema niachieni mimi.

Basi Jumatano, baada ya mazoezi ya kwaya, nikatoa karatasi na kalamu, nikawaeleza. Nikaanza mimi ili kuwapa moyo. Nikaandika sitini na moja. Nilijiambia sidanganyi. Sitini na moja ilikuwa namba ya kweli kabisa, niliipata kwenye mizani ya posta wiki niliyofunga ndoa. Ila ilikuwa imekaa muda mrefu bila kutazamwa.

Nesi akapokea karatasi. Huyu kwa miaka thelathini aliwapandisha watu kwenye mizani na kuwagombeza. Akavaa miwani, akasoma yangu, akanitazama kuanzia kilemba mpaka viatu, akaandika hamsini na nane.

Mama Pacha akaandika hamsini na sita.

"Na wale pacha?" nikamnong'oneza.

"Wale walishatoka," akasema.

Mwenyekiti akaichukua karatasi kama anavyochukua daftari la mahudhurio. Akatusoma mmoja mmoja, akaandika hamsini na mbili, akapiga mstari chini yake, akatia sahihi. Hakuna aliyecheka. Tulifunga kwa sala.

Nyumbani mwanangu alijumlisha akapata kilo mia mbili ishirini na saba. Alijikuna sana kichwa kwa ile hesabu. "Mama, una hakika?" Nikamwambia, "Ndivyo walivyoandika," na hilo angalau lilikuwa kweli. Akanakili jumla peke yake kwenye karatasi safi kwa mwandiko wake, akaipeleka dukani. Muuzaji akamchagulia za watu wepesi, akamrudishia karatasi.

Springi zilifika Ijumaa jioni, nyekundu, zinang'aa kama pete. Fundi Taratibu akaja Jumamosi asubuhi, kwangu uani, maana kwake gereji kulikuwa kumejaa magari ya watu waliokwisha kata tamaa. Akasema saa nane atakuwa amenawa mikono, na mgeni wetu ni saa kumi. Wenzangu watatu nao wakaja kunisaidia jikoni.

Mimi nilikuwa nikitoka jikoni kila mara kuangalia, maana kazi ya mtu mwingine ukiikodolea macho inakwenda vizuri zaidi. Alilinyanyua gari kwa jeki, akaliweka juu ya stendi, akavua matairi. Akafungua bolti za chini, akafungua nati za juu chini ya boneti, akaitoa shokapu nzima na springi yake imeivaa kama sketi. Hapo akaweka spana chini. Hata redio aliizima.

"Hapa ndipo watu wanapopoteza meno," akamwambia mwanangu. Akatoa vibanio viwili vya chuma, kimoja upande huu, kimoja upande ule, wakawa wanakaza kwa zamu: mzunguko huku, mzunguko kule, kama watu wawili wanaopandisha kabati ngazini. "Springi iliyobanwa ni kama mama mkwe aliyenyamaza. Usikae mbele yake."

"Nimekusikia," nikasema kutoka mlangoni.

"Samahani, mama. Nilimaanisha ya watu wengine."

Springi ya zamani ilitoka ikiwa na kutu, na ile ya kushoto nyuma ilikuwa na ufa. Nilimshukuru Mungu kimyakimya kwa Jumapili zote alizoishikilia kwa mkono wake. Ile mpya ikaingia kirahisi, fupi kama mtoto wa shule aliyevaa nguo za kaka yake. Nilishika tochi. Nikaona mwisho wa waya wake, fundi anauita mkia, umepita ngazi yake pale chini, mahali unapopaswa kuishia, kwa upana wa kidole.

"Fundi, mkia wa hiyo haujakaa."

Akainama. Akatazama sana. "Kweli." Akaifungua, akairudia. Akamwambia mwanangu, "Mama yako angezaliwa mwanamume mimi ningekosa kazi."

"Na mimi ningekosa mama," mwanangu akasema.

Hivyo zikaenda zote nne. Ilikuwa inakaribia saa saba mchana. Fundi akarudisha matairi, lakini hakulishusha gari chini kabisa. Alipanga mbao nene chini ya kila tairi ili apate nafasi ya kuingia na kitambi chake, akaliketisha juu ya mbao hizo. Kisha akafuta mikono.

"Sasa naomba watu."

"Watu gani?" nikauliza.

"Hao wanaopandaga. Hizi bolti za mikono ya chini sijazikaza. Ndani yake mna bushi, ni raba. Ukikaza gari likiwa hewani, raba inalala imejipinda. Ukishusha inabaki hivyohivyo, kama shingo ya mtu aliyelalia mto vibaya, na haimalizi mwaka. Mafundi wengine wanakaza juu kwa juu wanaondoka. Mimi nakaza gari likiwa limebeba wanaolibeba kila siku."

Nikawaita. Mwenyekiti alitoka amevaa aproni, akauliza kama itachukua muda. Mama Pacha alikuja na bakuli lake la vitunguu ili asipoteze wakati. Tukaingia kwa mpangilio wetu wa Jumapili, kila mtu mahali pake, na mwanangu kwenye usukani. Fundi alikuwa amekwisha jilaza chali, amejivuta chini na spana yake.

Gari lilishuka. Nilihesabu vidole viwili. Likaendelea kushuka. Kukasikika mlio wa raba inayobanwa, kisha kama mtu mzito anayekaa kwenye kiti cha mgeni, kisha kimya.

"Jamani!" sauti ya fundi ikaja kutoka chini ya miguu yetu. "Nilisema akina mama wanne!"

"Ndio wanne sisi!" Nesi akajibu.

"Nani ameongezeka humo ndani? Ekzosi imenilalia tumbo!"

"Hakuna aliyeongezeka!"

"Basi mmebeba nini?"

Tukatazamana. Mama Pacha akasema kwa sauti ndogo, "Vitunguu."

"Vitoeni hivyo vitunguu!"

Bakuli likapitishwa dirishani kwa heshima zote, likawekwa chini. Gari halikutikisika hata unywele. Mwanangu akashuka kuangalia. Matairi yalikuwa yameingia kwenye madigadi kama kobe anayerudisha kichwa. Alipotoka yeye, gari lilipanda kidogo upande wake, fundi akasema, "Ahsante, lakini hiyo haitoshi."

Hapo ndipo tuliposikia getini, "Hodi hapa."

"Kama wewe ni mnene usikaribie!" fundi akapiga kelele.

Akaingia mtu mwembamba, shati jeupe, kalamu mfukoni, viatu visivyo na vumbi. Nilikuwa sijawahi kumwona, lakini nilimjua. Saa yangu ilisema saa saba na robo. Baadaye binti yake alituambia kwamba baba yake katika maisha yake yote hajawahi kufika mahali saa aliyosema. Anasema ukifika saa uliyosema unakuta kilichopangwa, na yeye hakulipwa mshahara kuangalia vilivyopangwa.

Mimi mwenye nyumba nilikuwa katikati ya kiti cha nyuma, Nesi kulia, Mama Pacha kushoto, siwezi kuinuka. Nikamkaribisha mkwe wangu mtarajiwa kupitia dirisha la gari.

"Karibu, baba. Karibu sana. Tungesimama, lakini tuko kazini."

"Starehe, mama."

Mwanangu alikuwa amepakwa grisi mpaka kwenye nyusi. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akalitazama gari. Akatuangalia sisi. Akaangalia miguu miwili iliyotokeza chini ya mlango. "Hawa wote wanafanya nini?"

Mwanangu akamweleza habari ya bushi. Yule mzee alisikiliza bila kupepesa. "Miaka ishirini na minne niko uwanjani," akasema, "sijaona fundi anayekaza hivyo. Namsikia tu." Akainama kuitazama ile miguu. "Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, mzee. Naomba hawa mama washuke kwanza."

"Asishuke mtu," Mkaguzi akasema.

"Na mimi?"

"Unapumua?"

"Napumua, mzee."

"Basi subiri."

Akatoa futi ya chuma. Akapima mbele, akapima nyuma, kulia, kushoto, kila mara akiandika. Akajaribu kupitisha kidole kati ya tairi na madigadi, hakikupita. Akachukua tochi kutoka juu ya boneti, akamulika ndani, akasoma namba iliyopigwa kwenye springi. Sisi ndani hatukupumua sana, tukiogopa kuongeza chochote.

"Springi ni halali," akasema hatimaye. "Zimekaa vizuri, kila mkia uko kwenye ngazi yake. Kazi ya nani?"

"Ya Fundi Taratibu," mwanangu akasema. "Mimi nilishika spana, mama alishika tochi."

Nikaona amelipenda jibu lile. Uso haukubadilika, ila kalamu ilitua. Kisha akasema, "Lakini gari hili likigonga tuta moja tu, tairi linakula bodi, na hawa mama hawafiki. Karatasi ya kuagizia iko wapi?"

Mwanangu akaileta. Mkaguzi akaisoma.

"Abiria wanne. Kilo mia mbili ishirini na saba. Springi hizi kwa namba hii ni sawa kabisa." Akainua macho kutoka kwenye karatasi, akayapitisha kwetu taratibu, kiti hadi kiti, akayarudisha kwenye karatasi. "Kwa hiyo kosa si la springi. Mwandiko huu ni wa nani?"

"Wangu, mzee."

"Nani aliwapima hawa mama?"

Mwanangu akanitazama, mara moja tu, kama mtu anayeangalia saa. Kisha akasema, "Ni mimi, mzee. Nilikadiria kwa macho."

Mkaguzi akafunika kalamu yake.

"Kwa macho."

"Ndiyo, mzee."

"Kijana, mimi sikuja kutafuta tajiri. Nilikuja kutafuta mtu anayepima. Mtu anayekadiria kwa macho roho za akina mama wanne, na mmoja ni aliyemzaa, binti yangu simpi." Alisema bila hasira, kama anavyowaambia wenye malori. Akakunja karatasi mara mbili. "Mama, asante kwa kunikaribisha. Chai tutakunywa siku nyingine, Mungu akitujalia."

Akageuka kuelekea getini. Mwanangu alibaki amesimama na tambara mkononi, anajifuta kidole kimoja tu, kilekile. Nikafumba macho. Nikamwomba Mungu anipe neno. Akanipa namba.

"Themanini na nne," nikasema.

Mkaguzi akasimama. "Samahani, mama?"

"Themanini na nne, baba. Ndio uzito wangu. Niliandika sitini na moja. Mwanangu hakukadiria. Karatasi nilizungusha mimi, namba tulimpa sisi, naye anajaribu kunifunika mbele yako. Ukinyima, ninyime mimi."

Chini ya gari fundi akasema, "Mungu wangu," kwa sauti ya mtu aliyepata jibu la fumbo.

"Na hiyo sitini na moja uliitoa wapi?" Mkaguzi akauliza.

"Ni ya wiki ya ndoa yangu."

Akakohoa kwenye ngumi, akakohoa tena. Akairudisha kalamu mkononi. Hapo Nesi akajiweka sawa kulia kwangu, akavua miwani.

"Tisini," akasema. Akaifuta miwani. "Na moja. Nilikuwa najipima kila Jumatatu kabla wagonjwa hawajaja, msinitazame hivyo."

"Uliandika ngapi?"

"Hamsini na nane."

"Mimi sabini na nane," Mama Pacha akasema upesi, kama anayeruka dimbwi. "Bila vitunguu."

Mkaguzi akaandika, akajumlisha, akapiga mstari. "Mia mbili hamsini na tatu. Ninyi watatu mmekwisha kuipita karatasi nzima." Akapiga hatua mbili, akafika dirisha la mbele. "Amebaki mmoja."

Mwenyekiti alikuwa anatazama mbele kupitia kioo, mkoba mapajani, kama vile gari linakwenda na yeye anaangalia njia.

"Mwenyekiti," nikaita.

Hakugeuka.

"Mwenyekiti," Nesi akasema, "somo la ungamo mwezi uliopita si ulitufundisha wewe? Ukatupa na mifano."

"Mifano ilikuwa ya watu wengine," Mwenyekiti akasema. Kisha akamgeukia Mkaguzi kwa shingo tu. "Baba, mimi nimeongoza umoja huu miaka kumi na saba. Sijawahi kupimwa hadharani kama gunia."

"Si lazima useme, mama," Mkaguzi akamjibu kwa upole sana. "Ukishuka, gari litasema lenyewe. Nina futi."

"Nami nina tumbo!" fundi akalia kutoka chini. "Mama, nakuomba kwa jina la Mungu, sema au shuka. Nimelalia nati!"

Mwenyekiti aliuweka mkoba sawa mapajani. Akafungua mkoba, akatazama ndani, akaufunga. Nadhani alikuwa anatafuta namba mle. Kisha akafungua mlango, akautoa mguu mmoja, akautoa wa pili, akajishika mlango, akasimama.

Gari lilishusha pumzi. Sijui namna nyingine ya kusema. Upande wa mbele ulinyanyuka, matairi yakachungulia, na sisi watatu nyuma tukalala kidogo kwenye kiti kama walio kwenye jahazi. Chini fundi akasema, "Ahsante, ahsante, ahsante," akajivuta akatoka, mgongo wake umechorwa nati yote na pembe zake sita.

Mkaguzi alikuwa amekwisha chuchumaa. Akapima mbele kushoto, akapima mbele kulia. Akalinganisha na alichoandika mwanzo, akaitazama ile namba ya springi, akahesabu midomo ikicheza. Akaandika. Hakusoma kwa sauti, na kwa hilo nilimheshimu. Akainuka, akapangusa goti.

"Kijana."

"Naam, mzee."

"Umemdanganya mkaguzi."

"Ndiyo, mzee."

"Kwa sababu ya mama yako."

Mwanangu akalikunja lile tambara.

"Usirudie. Hizi zirudishe dukani, uchukue za mzigo. Fundi, usikaze bolti hata moja mpaka hawa wote wamerudi ndani kama walivyokuwa leo. Kazi yako naijua sasa, nitawaambia watu." Fundi akataka kumpa mkono, akaona ulivyo, akampa kiwiko. "Na Jumamosi ijayo, kijana, uje nyumbani na mama yako. Mama wa binti atataka kumwona."

Nilimwambia Mungu neno moja tu, maana nilikuwa bado nimebanwa. Mwanangu aliangalia chini, akaangalia juu, akanifungulia mlango wa nyuma, akasahau kwamba anayepaswa kushuka kwanza ni Nesi. Mama Pacha alikuwa analia, akasema ni vitunguu.

"Sasa tunywe hiyo chai," Mkaguzi akasema, akaweka karatasi juu ya boneti ili arudishe futi mfukoni.

Mwenyekiti alikuwa amesimama karibu naye, anajifunga upya khanga yake juu ya aproni. Niliona macho yake yakishuka, polepole, bila shingo kusogea, mpaka kwenye karatasi. Alisoma. Alisoma mara ya pili.

"Mwenyekiti," Nesi akaita kutoka ndani ya gari, "mzee ameandika ngapi?"

Mwenyekiti akachukua mkoba wake, akauweka begani, akatoka getini kabla chai haijamiminwa.